Mizunguko minne ya usukani: hoja ya kuuacha uwiano wa stelingi kama ulivyotoka kiwandani

Kuna malalamiko matatu ambayo wenye magari ya zamani huyafikisha gerejini kwa jina moja. La kwanza, usukani ni mzito. La pili, usukani una mchezo: unauzungusha kidogo na magurudumu hayajibu. La tatu, usukani ni wa polepole, unauzungusha mara nne na ushee kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Yote matatu huitwa "stelingi mbovu", na dawa inayotajwa sana siku hizi ni kubadili uwiano, yaani idadi ya digrii ambazo usukani unageuka ili gurudumu ligeuke digrii moja: boksi la pawa stelingi (linalosaidiwa na pampu ya mafuta) la kiwandani lenye uwiano wa 20:1 au 17.5:1 linatolewa, linawekwa la 14:1 au hata 12.7:1.

Dawa hiyo inatibu lalamiko la tatu tu. Lile la kwanza inaweza kulizidisha. La pili inalificha, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Tairodi, ile fimbo inayopeleka mwendo wa stelingi kwenye gurudumu, iliyochakaa kiasi cha kuliachia gurudumu nusu digrii la kucheza huonekana kwenye usukani kama digrii 10 za mchezo ukiwa na uwiano wa 20:1. Ukiweka 14:1, nusu digrii ileile inaonekana kama digrii 7. Mwenye gari anafurahi kwamba mchezo umepungua, kumbe chini ya gari hakuna kilichopungua hata kidogo.

Tuwape kwanza haki yao wanaotaka uwiano wa haraka, maana hoja zao zina uzito. Jiji la Dodoma ni jiji la kipilefti, na dereva wa Land Cruiser ya zamani huingia kipilefti mikono ikipishana mara mbili kabla gari halijanyooka, kisha hurudia kazi hiyohiyo anapotoka. Kupaki karibu na soko la Majengo saa za asubuhi ni mazoezi ya mabega. Kwenye kona za mlima Sekenke, mkoani Singida, au ukipanda Bereku kwenda Babati, mikono inahamahama kiasi kwamba dereva anapoteza kumbukumbu ya wapi magurudumu yanaangalia. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote inahusu mchanga na vumbi la barabara za vijijini. Mkia wa gari ukiteleza, magurudumu ya mbele yanatakiwa kukatwa kinyume kwa haraka. Kukata digrii 10 kwa uwiano wa 20:1 ni kuzungusha usukani digrii 200, zaidi ya nusu mzunguko, na lazima mkono uachie. Kwa 14:1 ni digrii 140, na mikono inabaki palepale iliposhika. Hilo ni kweli na halina ubishi.

Huongeza pia ushahidi wa magari yenyewe. Citroën SM ya mwaka 1970 ilikuwa na uwiano wa 9.4:1, mizunguko miwili tu kutoka mwisho hadi mwisho, na ilikuwa gari la safari ndefu za mwendo mkali. Land Rover Series III, ambayo kanda ya kati inaijua kuliko magari mengi, ina uwiano wa 15.6:1 magurudumu yakiwa yamenyooka, na haina pawa kabisa. Kama Waingereza waliweka 15.6 kwenye gari la shamba, wanauliza, kwa nini sisi tuogope 14?

Mifano hiyo miwili ni mizuri, ila kila mmoja umekatwa mkia. Citroën SM ilikuwa na mtambo wa haidroliki uliorudisha usukani katikati kwa nguvu, na nguvu hiyo iliongezeka kadiri mwendo ulivyoongezeka. Ukiwa mwendo wa juu, usukani ulipinga mkono. Ondoa mtambo huo, na 9.4:1 inakuwa hatari tupu. Kuhusu Land Rover, namba inayoachwa ni ya pili: 23.8:1 magurudumu yanapokatwa hadi mwisho. Aliyeichora alitoa wepesi wa kujibu pale katikati, akaulipia kwa usukani wa polepole pembeni, ili mtu aweze kuligeuza gari likiwa limesimama bila msaada wa pampu. Tena hilo ni gari ambalo kilomita 100 kwa saa ni karibu na mwisho wa uwezo wake, halisafiri nazo, lenye tairi nyembamba ndefu na msuguano mwingi kwenye viungo vya stelingi. Msuguano huo humsaidia dereva: unauzuia mkono usipeleke kosa dogo hadi kwenye gurudumu.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo mwenye gari anapaswa kukaa nayo kabla hajanunua boksi. Chukua usukani wenye kipenyo cha sentimita 40 na gari ambalo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 2.8, kama Mercedes W123. Mkono ukisogeza ukingo wa usukani kwa sentimita moja, baada ya mchezo kwisha, usukani umegeuka digrii 2.9 hivi. Kwa uwiano wa 20:1, gurudumu limegeuka kama digrii 0.14. Ni kitu kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Sasa liweke gari hilo kwenye kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kila sekunde, na uache kosa hilo lidumu sekunde moja na nusu, muda wa kufungua chupa ya maji. Gari linakuwa limehama pembeni sentimita 78. Rudia hesabu kwa uwiano wa 14:1: limehama mita 1.11. Kwa 12.7:1, mita 1.22.

Namba hizo zipimwe na barabara. Gari lenye upana wa mita 1.8, likiwa katikati ya njia yenye upana wa mita 3.25, limebakiwa na sentimita 73 kila upande. Kwa boksi la kiwandani, kosa lile la sentimita moja linakufikisha kwenye mstari na kuukanyaga kidogo. Kwa 14:1 umeuvuka kwa karibu sentimita 40. Kwa 12.7:1 nusu mita ya gari iko upande wa anayekuja. Kosa la mkono halikubadilika, wala mwendo, wala muda.

Atatokea mtu aseme hesabu hii ni ya karatasini, kwamba tairi huteleza kidogo na magari ya zamani yana tabia ya kupinga kukata kona, hivyo umbali halisi ni mdogo kuliko huo. Ni kweli. Lakini punguzo hilo linazipunguza namba zote kwa kiwango kilekile. Pengo kati ya 20:1 na 14:1 linabaki asilimia 43, liwe gari gumu kukata au jepesi.

Kwa nini nimeng'ang'ania sentimita moja? Kwa sababu ya upepo. Anayesafiri kutoka Bahi kwenda Manyoni, au anayevuka tambarare za Singida miezi ya kiangazi, anajua gari linavyosukumwa linapotoka ubavuni mwa lori refu na kupokea upepo wa pembeni kwa ghafla. Mkono hujibu wenyewe kabla akili haijaamua, na jibu la mkono halipimwi kwa milimita. Gari la kisasa lina matairi, bushi na mpangilio wa magurudumu vilivyoundwa pamoja na boksi la haraka, na mengi yana pawa inayopungua mwendo unapopanda. Gari la miaka ya 1970 au 1980 lina pawa moja kwa mwendo wote: nyepesi unapopaki, nyepesi vilevile kwenye kilomita 100. Mkono unaposogea sentimita moja, hakuna uzito wa kuuambia kwamba umesogea. Uwiano wa polepole ndio uliokuwa kinga ya hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Boksi la pawa la kiwandani tayari ni la haraka kuliko lile lisilo na pawa. Ford Mustang ya 1965 ilitoka na boksi la kawaida la 19:1, na yenye pawa ilipewa 16:1. Viwanda vilifanya hivyo kwa makusudi: kwa kuwa pampu inasaidia, dereva anaweza kupewa mizunguko michache zaidi. Kwa hiyo gari lenye pawa halikuachwa na akiba iliyosahaulika inayosubiri fundi wa Kizota aichukue. Akiba hiyo ilishachukuliwa, na iliyobaki ni ile ya siku mkanda utakapokatika.

Siku hiyo huja. Vumbi la huku hula mkanda na puli, joto hukausha mipira ya hosi, na oil sili ya boksi iliyopakwa mchanga kwa miaka huanza kuvuja. Pampu ikikosa mkanda au mafuta, unabaki na uwiano wa boksi na mikono yako. Ukitoka 20:1 kwenda 14:1, nguvu unayohitaji inapanda kwa asilimia 43, na juu yake kuna kazi ya kusukuma mafuta yaliyomo ndani ya boksi. Kondoa iko takriban kilomita 160 kutoka Dodoma mjini. Mtu mzima mwenye afya ataliendesha gari la namna hiyo kwa mwendo wa polepole kwenye lami iliyonyooka. Kwenye kona kali ya mteremko, pengine hataweza.

Pampu yenyewe nayo ina maoni yake. Tuchukue mfano wa boksi ambalo pistoni yake inahitaji sentimita za ujazo 240 za mafuta kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa mizunguko minne, kila mzunguko unadai 60. Kwa mizunguko 2.8, kila mzunguko unadai karibu 86. Dereva akizungusha mara moja kwa sekunde, pampu inatakiwa kutoa lita 3.6 kwa dakika katika hali ya kwanza, na zaidi ya lita 5 katika hali ya pili. Pampu mpya haishtuki. Pampu iliyochakaa, injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa) na mafuta yamepata joto hadi kuwa mepesi, inaweza kutoa lita 4 tu. Matokeo yake ni usukani unaokuwa mwepesi, kisha unashika ghafla katikati ya kipilefti, kisha unalegea tena. Fundi husema boksi jipya ni bovu na kulirudisha dukani. Boksi halina kosa, limeomba mafuta ambayo pampu haina.

Kwa anayeendelea na nia yake baada ya hayo, njia za kubadili uwiano ni tatu, na kila moja ina mtego.

Njia inayoonekana rahisi ni kugusa mikono: kurefusha mkono wa boksi, ule unaoitwa pitimani, au kufupisha mkono unaokwenda kwenye gurudumu. Uwiano wa jumla ni uwiano wa boksi ukizidishwa kwa urefu wa mkono wa gurudumu, kisha ukagawanywa kwa urefu wa pitimani. Mikono yote ikiwa milimita 150, boksi la 20:1 linabaki 20:1. Ukiweka pitimani ya milimita 175, unapata 17.1:1. Ni badiliko la kiasi, na kama pitimani hiyo ni spea halisi ya kiwandani iliyofuliwa, linaweza kufaa. Lakini shafti inayotoka kwenye boksi sasa inabeba mzigo mkubwa zaidi kwa asilimia 17 kila tairi linapogonga jiwe, na beringi na oil sili zake hazikuongezwa nguvu. Kufupisha mikono ya magurudumu ni kubaya zaidi, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo inayofanya gurudumu la ndani likate kuliko la nje kwenye kona. Ukiigusa, matairi yanasuguana na lami na kulika. Na pitimani isipashwe moto, isikunjwe, isikatwe na kuunganishwa kwa kulehemu, hata kama aliyelehemu ana mkono mzuri kiasi gani. Chuma kilichofuliwa kikipashwa moto gerejini hupoteza ugumu wake mahali ambapo hapaonekani, na hukatika bila kutoa taarifa.

Mtego wa pili wa mikono ni mlalo wa fimbo. Fimbo inayotoka kwenye pitimani inatakiwa kupanda na kushuka kwa upinde unaokaribiana na wa ekseli. Pitimani ikiwa ndefu kwenda chini kuliko ya mwanzo, fimbo inalala vingine, na gari linaanza kujikata lenyewe kila linapopita tuta. Mwenye gari atasema "linavuta". Alaimenti haitaliponya, kwa sababu alaimenti hupimwa gari likiwa limetulia.

Njia ya pili ni kubadili boksi zima, na hapa mabaya huanzia kwenye kununua. Maboksi mengi yenye uwiano wa haraka yanayosifiwa duniani ni ya Saginaw ya Marekani, kama lile la 12.7:1 lililofungwa kwenye Jeep Grand Cherokee za miaka ya 1990. Mengi ya hayo yalitengenezewa magari ya usukani wa kushoto. Ukilichukua la namna hiyo na kulifunga upande wa kulia wa fremu kwa kulipindua, au kulipeleka nyuma ya ekseli wakati lilikusudiwa kukaa mbele, unaweza kumaliza kazi yote na kugundua kwamba ukikata kulia gari linakwenda kushoto. Mwelekeo wa nyuzi za shafti ya ndani ndio unaoamua, na haubadilishwi kwa spana. Kabla pesa haijatoka, funga boksi mezani kwenye jiliwa katika mkao litakaokaa kwenye gari, zungusha shafti ya kuingilia, na uangalie pitimani inaelekea wapi. Kisha hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, ugawe kwa mbili, uweke alama ya katikati kwa rangi. Alama hiyo utaihitaji mara tatu kabla kazi haijaisha.

Meno ya shafti ya kuingilia nayo hutofautiana. Yapo ya meno 30 na ya meno 36, na vipenyo navyo vinaweza kutofautiana, hivyo kiunganishi cha zamani huenda kisiingie. Kinachofuata gerejini ni kuchonga na kulehemu shafti ya usukani, jambo lisilotakiwa kabisa. Kipatikane kiunganishi chenye meno sahihi pande zote mbili, kikiwa na boliti ya kukifunga.

Kuna na hili la krosi, kile kiungo kinachoiruhusu shafti kuzunguka ikiwa imekunja pembe, ambalo huharibu kazi nzuri kuliko yote niliyotaja, na ambalo halitajwi mara nyingi. Boksi jipya likikaa mahali tofauti na la zamani, shafti ya usukani inalifikia kwa pembe, na fundi anaweka krosi moja. Krosi moja haizunguki sawa pande zote mbili. Ikiwa na pembe ya digrii 30, mwendo wa upande wa pili hubadilika kati ya mara 0.87 na mara 1.15 ndani ya kila nusu mzunguko. Maana yake boksi la 20:1 linakuwa kama 17.3:1 mahali fulani pa usukani na 23:1 mahali pengine. Dereva anahisi usukani mzito ukielekea upande mmoja, mwepesi ukivuka, na analaumu pampu. Dawa ni krosi mbili zenye pembe zilizo sawa, makoleo yake (ncha zenye umbo la uma) yakiwa yamepangwa kwa mkao unaozifanya zifutane makosa, na shafti ya katikati ishikiliwe na beringi kama ni ndefu. Ajabu ni kwamba watu hulipa fedha nyingi kubadili uwiano kwa asilimia 15, halafu krosi moja inaubadilisha kwa kiasi hicho bila kuombwa.

Njia ya tatu, kubadili shafti na nati ya ndani ya boksi ili kupata nyuzi za hatua tofauti, ni kazi ya karakana yenye vipimo na vifaa vya kujaribia presha. Tuiache.

Kwa njia yoyote, boliti za kuzuia kukata kupita kiasi, zile zilizo kwenye ekseli, ziwekwe upya. Ekseli ndiyo inayotakiwa kugota kwanza. Likigota boksi kwanza, kila ukikata hadi mwisho unaigonga pistoni kwenye ukuta wake kwa presha yote ya pampu.

Sasa upande unaodharauliwa, wa kuuacha uwiano na kutengeneza kilichochoka. Wengi huuona kama uvivu wa mafundi wazee. Kazi yenyewe si ya mvivu.

Anza na matairi. Land Cruiser iliyotoka na 7.50-16 na sasa imevaa tairi pana za inchi 10.5 itakuwa na usukani mzito hata ukiweka boksi la aina gani. Pima upepo wa tairi kabla ya kupima kitu kingine. Kisha inua mbele kwa jeki, magurudumu yote mawili yawe hewani, uzungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Ukiwa bado mzito, shida huenda iko kwenye kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia), bolijointi au viungo vikavu visivyoonja grisi. Boksi na pampu zisilaumiwe kabla ya hivyo kukaguliwa. Mtu mmoja akae kwenye usukani autikise kidogo kushoto na kulia huku mwingine ameshika kila kiungo kwa kiganja, kimoja baada ya kingine. Kiganja hugundua mchezo ambao jicho haliuoni. Mchezo ukizidi milimita 25 kwenye ukingo wa usukani, kuna kitu kimekwisha na kinataka kubadilishwa.

Boksi lirekebishwe mwisho, na lirekebishwe katikati. Hili likosewe tu, boksi linakufa. Meno ya ndani yamechongwa yabane kidogo magurudumu yanapoangalia mbele, na yalegee kidogo pembeni. Kwa hiyo tenganisha fimbo kutoka kwenye pitimani, tafuta katikati kwa kuhesabu mizunguko, legeza nati ya juu ya boksi, na ukaze skrubu iliyo katikati ya nati hiyo kwa sehemu ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja hadi mchezo uishe. Simama hapo. Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho: uhisi ukinzani mdogo unapopita katikati na usihisi pengine popote. Anayekaza boksi likiwa limekatwa pembeni ataondoa mchezo wa pembeni, ambao unatakiwa kuwepo, na atasababisha kubana katikati. Usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na meno yatalika ndani ya miezi michache.

Uzito uliobaki baada ya hapo ndio unaostahili pawa, na pawa itoke kwenye gari la ukoo mmoja: boksi, pampu, mabano, puli, tangi, hosi na pitimani vyote kutoka gari moja. W123 isiyo na pawa ipate vitu vya W123 nyingine. Land Cruiser 40 hupokea vya ukoo wa 60, kwa kazi ya ziada kwenye fremu. Spea zilizotumika kutoka Japani zina faida ya kuwa za usukani wa kulia, kama sisi. Pampu ipimwe kwa geji yenye valvu kati yake na boksi: valvu ikifungwa, presha ipande haraka hadi kiwango cha kitabu cha gari hilo, na isifungwe zaidi ya sekunde 10, kwa sababu mafuta yanachemka na pampu inajikwaruza. Kwa sababu hiyohiyo dereva asiushikilie usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.

Ukiongeza pawa, angalia mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, unaoitwa kasta. Land Cruiser 40 ilitoka na digrii moja tu, ili usukani usio na pawa usiwe mzito. Kwa pawa, digrii moja haitoshi kuurudisha usukani katikati. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli zinaweza kuongeza digrii mbili. Ziwe za chuma, si aluminiamu inayopasuka, na zishikwe na boliti ya katikati ya springi. Ukizidisha hapo, pua ya difu ya mbele inaelekea chini na propela inaanza kutetemeka. Badiliko hili la digrii mbili humpa dereva utulivu ambao boksi la haraka lingemnyang'anya, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya boksi.

Anayetaka mikono isafiri kidogo mjini anaweza pia kubadili usukani wa sentimita 40 kwa wa 38. Uwiano haubadiliki, safari ya mkono inapungua kwa asilimia 5, nguvu inaongezeka kwa kiasi hichohicho, na usukani wa zamani unabaki kabatini tayari kurudishwa.

Je, yapo magari yanayostahili uwiano wa haraka? Yapo. Gari linaloishi kati ya Area D, Kisasa na Ilazo na halitoki nje ya jiji lina haki ya 16:1, hata chini kidogo, mradi pampu yake imepimwa. Gari la mchangani lisilozidi kilomita 80 kwa saa pia, kwa hoja ile ya kukata kinyume niliyoikubali mwanzo. Na kama boksi linalopatikana ni lile la uwiano unaobadilika, 16:1 katikati na 13:1 pembeni, hilo ni bora kuliko la 14:1 mfululizo, kwa kuwa linaacha katikati pakiwa na usingizi na kuamka pale kipilefti inapohitaji. Chini ya 16:1 katikati, kwa gari la safari za Singida na Morogoro lenye springi na bushi za miaka 40 iliyopita, mimi siungi mkono.

Kwa aliyekwisha kubadili, kipimo ni hiki. Nenda barabara pana isiyo na magari, kilomita 30 kwa saa, ukate usukani nusu mzunguko kisha uulegeze ndani ya viganja bila kuuachia kabisa. Usukani urudi wenyewe hadi karibu na katikati, pande zote mbili sawa. Ukirudi upande mmoja tu, rudia alama ya katikati ya boksi na mkao wa krosi. Usiporudi kokote, legeza skrubu ya juu ya boksi sehemu ya nane ya mzunguko na ujaribu tena. Ukikataa bado, kasta haitoshi, na gari lisipelekwe kilomita 80 hadi kabari ziwekwe.